Kesho Mtapewa Cheti

(Maneno haya niliyasema jioni ya kuamkia ubatizo, mbele ya darasa la wabatizwa, wazazi na wasimamizi wao. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Bwana Yesu asifiwe.

Kaeni, wapendwa. Wabatizwa, nawaomba msogee viti vya mbele, maana jioni hii nina maneno nanyi. Wazazi na wasimamizi watasikilizia nyuma yenu, na nadhani mengine yatawagusa wao kuliko ninyi.

Kesho asubuhi mtaingia majini. Mkishatoka na kubadili nguo, katibu atawaita kwa majina, na kila mmoja atapokea karatasi yenye jina lake, tarehe, na sahihi ya mchungaji. Cheti cha ubatizo. Kitunzeni. Ipo siku mtaombwa mkionyeshe, mkitaka kufunga ndoa au mkihamia kanisa jingine. Sina neno baya juu ya cheti hicho. Changu ninacho mpaka leo, kimeanza kukatika kwenye mikunjo. Ila kabla hamjakipokea chenu, nataka niwasimulie habari za cheti cha namna nyingine, ambacho watu waliobatizwa kama mtakavyobatizwa ninyi walikihangaikia usiku na mchana.

Mwaka 250, Kaisari Decius wa Rumi alitaka watu wa dola yake waitolee miungu sadaka. Shughuli yenyewe ilikuwa fupi. Unafika mbele ya tume ya mahali pako, unamimina kinywaji cha sadaka, unaonja nyama iliyotolewa kwa miungu, mashahidi wanaona, unapewa cheti. Basi. Unarudi nyumbani. Baadhi ya vyeti hivyo vimefukuliwa Misri, vimeandikwa juu ya mafunjo, na zaidi ya 40 vimesomwa na wataalamu. Kimoja ni cha mzee wa miaka 72 aliyeitwa Aurelius Diogenes. Karani ameandika hata alama ya mwilini mwake, kovu juu ya nyusi ya kulia. Halafu yanafuata maneno ya mzee mwenyewe: kwamba siku zote ameitolea miungu sadaka, na sasa tena, mbele ya tume, ametoa, amemimina, ameonja, naye anaomba athibitishiwe. Tarehe, kwa kalenda yetu, ni 26 Juni 250.

Maneno ya vyeti hivyo yanafanana, kama fomu zinavyofanana. Aliyekuwa Mkristo naye ilimpasa kusema vile vile: siku zote nimeitolea miungu sadaka. Hebu tulieni na neno hilo. Siku zote. Mtu aliyeshuka majini, akala mkate wa Bwana na wenzake, anaweka jina lake chini ya neno “siku zote”.

Kule Karthago, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, askofu wa Wakristo alikuwa Sipriani. Ameacha maandishi juu ya mwaka ule, na anayoyaeleza yanaumiza. Anasema watu walikimbilia wenyewe kwenda kutoa sadaka kabla hawajaitwa na mtu. Jua lilipokuchwa, mahakimu wakawaambia warudi kesho, nao wakasihi wasicheleweshwe. Sipriani hakuishia kuilaumu serikali. Anasema kanisa lilikuwa limekaa siku nyingi kwa amani, na katika amani ile kila mtu alikazana kuongeza mali yake, hata viongozi. Amri ilipokuja haikuiua imani yao. Ilionyesha tu kwamba ilikuwa imekwisha kufa, nao walikuwa hawajajua.

Lakini kulikuwa na kundi jingine, na hao ndio ninaotaka tuwatazame kwa karibu, kwa sababu ni ndugu zetu kabisa. Hawa hawakwenda madhabahuni. Hawakuonja nyama. Walimtafuta afisa aliye tayari kupokea kitu, wakampa, naye akawaandikia kwamba wametoa sadaka ambayo hawakuitoa. Kisha wakarudi kwenye ibada. Walipoulizwa, jibu lao lilikuwa hili: mikono yetu ni safi, na moyoni hatukumkana.

Moyoni hatukumkana.

Nimewafikiria sana watu hao. Siwaoni kuwa waovu. Walikuwa na watoto wa kulea na mali ya kulinda, na kwa namna yao walimpenda Kristo, kwa maana mtu asiyempenda kabisa asingesumbuka kutafuta hongo. Angekwenda kuonja nyama, yakaisha. Walichotaka ni kuwa na vyeti viwili, kimoja cha kuonyesha huku na kingine cha kuonyesha kule. Na huo ndio uvuguvugu ninaoujua mimi. Mtu vuguvugu hamkatai Yesu. Anampa moyo, yaani mahali ambapo hakuna anayeona, halafu vingine vyote, jina, sahihi, fedha, ulimi, anabaki navyo mwenyewe avitumie kadiri hali itakavyodai.

Naweza kuwaambia haya kwa sababu nami niliwahi kukipokea cheti hicho.

Miaka kadhaa baada ya ubatizo wangu, nikiwa tayari nafundisha darasa la Biblia, nilihudhuria semina ya kikazi. Ilipangwa iwe ya siku mbili, ikaisha siku ya kwanza saa nane mchana. Kabla hatujaondoka ikapitishwa karatasi ya mahudhurio yenye nafasi mbili za sahihi mbele ya kila jina, siku ya kwanza na siku ya pili. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi ili isipotee. Aliyekaa karibu nami alisaini mara mbili bila hata kukatiza mazungumzo yake. Ilipofika kwangu nilisita, labda kwa muda wa pumzi moja. Nikasaini nafasi ya kwanza. Nikasaini ya pili. Nakumbuka kwamba sahihi ya pili ilitoka vizuri kuliko ya kwanza. Ilinyooka, kama ya mtu mwenye hakika. Tukapewa posho ya siku mbili.

Jioni ile ile nilikuwa na zamu ya kufundisha. Na nilifundisha vizuri, ndugu zangu. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Sauti haikutetemeka. Watu waliitikia amina. Nikarudi nyumbani nikijiambia kwamba moyoni najua ile si haki, na Bwana anajua kwamba najua. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa narudia, karibu neno kwa neno, utetezi wa watu waliokufa zaidi ya miaka 1,700 iliyopita.

Sasa sikilizeni, wabatizwa, maana mtayasikia maneno hayo kwa watu wengi na mtayasikia ndani yenu: “Mungu anaangalia moyo.” Ni kweli anaangalia moyo. Samweli aliambiwa hivyo alipokwenda kumtafuta mfalme nyumbani kwa Yese. Lakini angalieni neno hilo lilisemwa kwa nini. Lilisemwa ili mtu asidanganywe na umbo zuri la nje lisilo na kitu ndani. Sisi tumeligeuza, tukalifanya ruhusa ya kuwa na ndani nzuri isiyotoka nje kamwe. Paulo anaandika kwa Warumi kwamba kwa moyo mtu huamini, na kwa kinywa hukiri. Ameviweka pamoja, moyo na kinywa, na sisi hatuna mamlaka ya kuvitenganisha.

Kuna jambo moja katika lugha yetu ambalo napenda sana. Wale waliomfuata Yesu, Biblia yetu inawaita wanafunzi. Hatukutafuta neno jingine la heshima, la kidini zaidi. Neno lile lile la mtoto anayekwenda shule na daftari lake. Mwanafunzi ana mwalimu, ana la kujifunza, na kesho anategemewa aweze jambo ambalo leo haliwezi. Katika Kiyunani cha Agano Jipya, neno hilo limetumika zaidi ya mara 250, kwenye Injili na Matendo ya Mitume. Neno “Mkristo” je? Mara 3 tu. Na mara ya kwanza, kule Antiokia, imeandikwa kwamba wanafunzi ndio walioitwa Wakristo. Wanafunzi walikuwepo kwanza, jina likafuata. Sisi tumelichukua jina tukauacha uanafunzi uwe wa hiari, wa wale wachache “waliookoka na kumaanisha”, kana kwamba kuna wokovu mwingine usiomaanisha. Nimeitafuta katika Injili nafasi ya mtu wa aina hiyo, anayemwamini Yesu bila kumfuata, na sijaiona. Niliowaona ni makutano waliokuja kwa mikate, na wanafunzi waliobaki mikate ilipokwisha.

Na Yesu hakuwaficha gharama. Hili mimi na walimu wenzangu wa darasa tunapaswa kulitubia, maana tumewafundisha maswali na majibu kwa wiki nyingi, mkayajua vizuri, na gharama tumeigusa kwa haraka. Katika Luka sura ya 14 Yesu anawageukia makutano wakubwa wanaomfuata, saa ambayo mhubiri mwingine angefurahi, anawaambia wakae chini wahesabu kama mtu anayetaka kujenga mnara. Kisha anasema: “Kila mmoja wenu asiyeacha vyote alivyo navyo hawezi kuwa mwanafunzi wangu.” Hakusema atakuwa mwanafunzi wa daraja la chini. Amesema hawezi.

Najua kuna mmoja hapo mbele ambaye moyo wake umeanza kudunda. Anajisemea, basi mimi sistahili kesho, maana nina mashaka, nina tabia sijaishinda, kuna siku siwezi hata kuomba. Kwako wewe nina neno, na naomba usilisahau hata ukiyasahau mengine yote. Imani haba na imani nusu si kitu kimoja. Wanafunzi wa Yesu walikuwa na imani haba, aliwaambia wazi mara nyingi, akaendelea kusafiri nao, kula nao, kulala nao mashuani. Yule baba mwenye mtoto aliyepagawa alilia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na mtoto wake akapona siku ile ile. Imani yake ilikuwa ndogo, lakini aliileta yote. Imani nusu yaweza kuwa kubwa, yenye elimu, yenye kuimba vizuri, ila imekatwa katikati, na nusu moja imewekwa akiba.

Ndiyo maana walioambiwa neno kali kuliko yote hawakuwa watu wa mashaka. Walikuwa Laodikia. Mji ule ulikuwa na fedha. Tetemeko la ardhi liliuangusha mwaka 60, na Tacitus, mwanahistoria wa Rumi, anaandika kwamba ulijiinua tena kwa mali yake wenyewe bila msaada wa Rumi. Sasa msikieni mtu wa kanisa la mji huo katika Ufunuo sura ya 3: mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu. Hiyo ndiyo sauti ya vuguvugu. Mwenye mashaka ana haja, na haja yake inamleta kwa Bwana kila siku. Vuguvugu amejitosheleza.

Na niseme kidogo juu ya yale maji, pale Bwana anapoliambia kanisa hilo kwamba si baridi wala moto, na heri lingekuwa kimojawapo, maana tumezoea kuhubiri kwamba moto ni Mkristo hodari na baridi ni mpagani, halafu tunashangaa kwa nini Bwana apende mtu awe baridi. Ng’ambo ya bonde la Laodikia kulikuwa na Hierapoli, yenye chemchemi za maji ya moto ambayo watu waliyaendea kwa ajili ya afya. Upande mwingine kulikuwa na Kolosai, yenye maji baridi ya kunywa. Yote mawili yana kazi. Laodikia walivuta maji yao kwa mabomba kutoka mbali; mabomba hayo yanaonekana mpaka leo katika magofu, yameziba kwa chokaa. Mji tajiri, na maji yake hayamponyi mgonjwa wala hayamburudishi mwenye kiu. Bwana anaonja, anatema. Kwa hiyo mkitaka kujua kama mna uvuguvugu, msipime joto la ibada. Wapo wanaodhani moto ni sauti, na nimewahi kusimama jirani na watu wenye sauti kubwa ya maombi ambao mfanyakazi wao wa nyumbani alikuwa hajalipwa miezi mitatu. Ulizeni tu: nani ameponywa na maji yangu? Nani amekunywa?

Wabatizwa, mtajaribiwa kwa mambo madogo. Sidhani kuna Decius anayewangoja kesho kutwa, ingawa wapo ndugu zetu duniani ambao kwao ubatizo ni hatari ya kweli, na tusiwasahau katika maombi ya usiku huu. Kwenu itakuwa karatasi inayopitishwa mezani. Itakuwa mzaha juu ya mtu asiyekuwepo, nawe unatazamwa kama utacheka. Itakuwa mchumba mzuri sana anayekuambia hana shida na dini yako ilimradi usizidishe. Itakuwa asubuhi ya kawaida, simu mkononi, Biblia kando, na hakuna atakayejua umeshika nini kwanza. Njia mbili zilimshinda fisi, na yule fisi hakuona hatari wakati anaanza. Miguu ilikuwa bado karibukaribu.

Nirudi kwenye semina yangu. Ilinichukua miezi minane. Hakuna aliyenigundua, wala hakuna aliyenihubiria. Nilikuwa nasoma habari za kukamatwa kwa Yesu, nikafika pale inaposemwa Petro alimfuata kwa mbali. Alimfuata. Hakukimbia moja kwa moja kama wengine. Alikuwa bado anamfuata, kwa umbali ambao angeweza kusema yupo pamoja naye au hayupo, kwa kadiri atakavyoulizwa. Akafika uani, watumishi wamewasha moto wa makaa kwa sababu ya baridi, akasimama nao akiota moto. Mikono yake ilikuwa inapata joto wakati anasema, simjui mtu huyu. Nikaiona ile kalamu yenye uzi.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mhasibu na posho ya siku ya pili ndani ya bahasha. Alinitazama kwa muda mrefu. Akasema hakuna utaratibu wa kupokea fedha za namna hiyo, hakuna hata fomu yake, na akaniomba niondoke nisije nikawaletea watu matatizo. Nikaandika barua, nikaiambatisha na bahasha, nikaiacha kwa mkuu wa idara. Wenzangu walikasirika, na ninawaelewa. Barua yangu ilikuwa inasema juu yao bila kuwataja. Sikuitwa semina nyingine kwa miaka mitatu. Rafiki mmoja aliacha kunisalimu, na huyo nilimpenda. Siwaambii haya ili mnisifu. Nawaambia ili mjue kwamba kumrudia Bwana kuligharimu kuliko ambavyo kungenigharimu kuiacha wazi ile nafasi ya pili siku ile ya kwanza.

Lakini walinipokea. Mchungaji wangu alinisimamisha kufundisha kwa muda, akanipa nafasi ya kukaa na kusikiliza, kisha akanirudisha. Ndivyo kanisa la Karthago lilivyofanya pia. Mwaka 251 maaskofu walikutana wakawajadili wale wenye vyeti, na hawakusema ni jambo dogo, wala hawakuwafungia mlango. Walipewa njia ya toba, na mwisho wake ulikuwa meza ya Bwana.

Na Sipriani mwenyewe? Hili wengi hawalisimulii. Mwaka 250 yeye alijificha. Aliongoza kanisa kwa barua akiwa mafichoni, akajieleza kwa nini, na wapo waliomsema vibaya kwa hilo. Mimi simhukumu. Miaka minane baadaye, Septemba 258, alisimamishwa mbele ya liwali. Akaambiwa afanye ibada ya miungu ya Rumi. Akasema hafanyi. Akaambiwa ajifikirie. Akajibu kwamba katika jambo la haki kiasi hicho hakuna la kufikiria. Hukumu ikasomwa, auawe kwa upanga. Akasema, “Ashukuriwe Mungu.” Nampenda mtu huyo kwa sababu ya miaka ile minane. Mtu alijificha, akarudi, akakaa na watu walioanguka, akawalea, na alipoulizwa tena jibu lilikuwa limekwisha kuiva ndani yake.

Moto wa makaa umetajwa mara mbili tu katika Agano Jipya, zote kwa Yohana. Mara ya kwanza ni ule wa uani. Mara ya pili ni ufuoni, asubuhi, Bwana amefufuka, na ameuwasha mwenyewe. Juu yake pana samaki, na mkate upo. Petro anaruka majini kumfuata, safari hii bila kuacha umbali. Bwana hamuulizi juu ya uani. Anawalisha kwanza, kisha anamuuliza mara tatu, Wanipenda? Kisha anamwambia, Nifuate.

Wabatizwa, kesho saa moja mwe mmefika. Nguo za kubadili msisahau. Kalaleni mapema, na kabla hamjalala kaeni kimya dakika chache mhesabu, kama alivyosema. Mwenye kuona bado hajamaliza kuhesabu, asione haya kuniambia asubuhi. Maji yatakuwepo na mwezi ujao.

Na ninyi mliokaa nyuma, ambao vyeti vyenu ni vya siku nyingi kama changu. Mimi naendelea kubaki hapa baada ya sala ya kufunga. Mwenye karatasi yake aliyoisaini mahali fulani, na anataka tuizungumze, namngoja. Sina haraka ya kuondoka.